Mkono wa Shimba Haufiki Sikioni

Jumanne, 3 Januari 1995
Mwaka umeanza kwa mshtuko! Jumatatu wanaandikisha darasa la kwanza, na mkono wa mwanangu Shimba ukipita juu ya kichwa bado haufiki sikio la upande wa pili. Mwaka jana walimrudisha kwa sababu hiyo hiyo. Aliupitisha mkono juu ya kichwa, vidole vikaishia kwenye nywele. Wenzake wakacheka. Alilia njia nzima mpaka nyumbani Buzuruga. Sasa mke wangu Mhoja anasema akirudishwa tena, anampeleka kwa mama yake Magu akasomee huko. Kwa mama mkwe! Mwanangu wa pekee wa kiume! Sikubali ng'o. Nitaurefusha mkono huo mwenyewe. Tangu kiwanda cha pamba kitupunguze kazini, muda ninao.

Jumatano, 4 Januari
Kutwa nimemning'iniza kwenye tawi la mpera. Jirani yetu, Mwalimu Teodora, anayefundisha watoto wadogo barazani kwake, akachungulia juu ya ua. Akauliza nina ugomvi gani na mtoto. Nikamjibu namwandaa kwa shule. Eti nimpeleke kwake acheze. Acheze! Nimeshawaona watoto wake. Wanapanga vizibo vya soda, wanafinyanga ng'ombe wa udongo, wanasimuliana mambo ya jana. Mtu mzima ukasomee ualimu Butimba, halafu uje kupanga vizibo?

Ijumaa, 6 Januari
Mkono haujasogea. Nimeupaka samli, nimeuvuta, wapi! Kisha akili ikanijia: mkono ukigoma kurefuka, kichwa kipungue. Nikamnyoa upara. Mhoja aliporudi sokoni akaangusha beseni la dagaa. Akaniuliza mbele ya wapangaji wote kama nina akili timamu. Nikamwonyesha kidole kinavyogusa ncha ya sikio. Kimegusa, jamani! Hakufurahi hata kidogo.

Jumamosi, 7 Januari
Nimesalitiwa! Nimeamka usingizi wa mchana, Shimba hayupo. Nimemkuta kwa Teodora, anatenga vizibo vyekundu na vya bluu, anaimba. Kumbe kila nikilala, yeye huruka ua! Teodora akasema kwa upole kwamba mtoto anajifunza haraka. Nikamrudisha nyumbani bila kuaga. Mwalimu huyu atanipotezea kazi yote ya mkono.

Jumatatu, 9 Januari
Tulifika shuleni mapema. Nikamwamkia Mwalimu Mkuu, Mama Kokulinda, nikamsogeza Shimba mbele na kumwambia aguse sikio. Mwalimu Mkuu akasema mambo ya masikio wameyaacha. Wameyaacha! Akamwaga maharage mezani, akamwambia mtoto ayatenge kwa rangi na kuyahesabu. Akayatenga. Akayahesabu. Halafu akaambiwa asimulie alivyoshinda wiki nzima. Mungu wangu! Akaanza mwanzo, hakuruka kitu: mpera, samli, upara, dagaa chini, baba anavyokoroma. Wazazi kwenye foleni wakasogea wamsikilize. Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu Mkuu akanitazama mpaka nikaangalia viatu. Nikajua basi, mtoto ni wa Magu.

Akasema mtoto anayesimulia hivyo yuko tayari kusoma, aje kesho. Nilitaka kumbusu mkono! Kisha akauliza nani amemfundisha. Shimba akafungua mdomo. Nikamwahi: ni mimi.

Jumanne, 10 Januari
Shimba kaenda shule na kaptula mpya. Alinipungia getini, nikajifanya vumbi limeniingia machoni. Nyumbani nikakuta Mhoja kampelekea Teodora sato mzima. Mzima! Mimi niliyetoa jasho sikupata hata mkia. Hawaelewi hawa. Ni kule kuvutwa ndiko kulikomfungua mtoto akili.

Sasa ni zamu ya mdogo wake, Odeta, ana miaka mitatu. Nimesikia mjini kuna shule mpya ya binafsi, wanafundisha kwa Kiingereza kitupu. Safari hii sichelewi. Kuanzia mchana huu Odeta hagusi ugali. Ni mkate kwa siagi, kwa kisu na uma, mpaka Kiingereza kitoke chenyewe.