Marehemu wa Kitalu B

Ninayo heshima kuutangazia umma wa Songea kwamba mwaka 1996 masijala yetu ya viwanja iliingia rasmi katika zama za Maelezo ya Pamoja. Kompyuta ililetwa ikiwa na programu ya kuorodhesha majalada, nami Hironimus, Mkuu wa Masijala, niliielewa kabla haijatolewa kwenye boksi.

Utaratibu ni mwepesi. Majalada ya kitalu kimoja huwekwa kundi moja. Maelezo huandikwa mara moja tu, kisha kila jalada huunganishwa nayo kwa kiungo. Karani wangu Jovina aliuliza itakuwaje jambo likimhusu mtu mmoja. Nilimwambia asituletee fikra za enzi za chama kimoja.

Mwezi Machi akafariki mzee Fidelisi wa Bombambili, Kitalu B, asiye na mke wala mtoto. Niliandika kwa mkono wangu: "Mwenye kiwanja amefariki, hana mrithi." Kompyuta ikatii. Majalada sitini na mawili yakafiwa kwa pamoja.

Bibi Kunegunda wa kiwanja namba 17 alifika Jumatatu. Nyumba yake aliifyatulia matofali mwenyewe, na alikuwa amesikia kwamba viwanja vya marehemu wasio na warithi vitakabidhiwa kwa mwekezaji Ijumaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimeambiwa nimekufa."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Sasa huyu anayeongea na wewe ni nani?"

"Mimi binafsi nakuona, bibi. Mfumo ndio haujakuona."

Jovina akaninong'oneza, "Bosi, ni yale maelezo ya Fidelisi. Tukiyafuta wanafufuka wote."

Kufuta kungemaanisha kwamba nilikosea, jambo ambalo halimo katika muundo wa utumishi. Badala yake nilitoa waraka: anayedai kuwa hai ajaze fomu, isainiwe na Mkuu wa Masijala. Sentensi ilionekana nyepesi, nikaongeza "aliye hai" ili iwe na uzito.

Bibi alijaza fomu siku hiyohiyo. Alikaa kwenye benchi la koridoni siku tatu na kikapu chake, nami sikusaini, kwa kuwa nilisubiri muhuri mpya wenye neno "hai".

Ijumaa, Afisa Ardhi, Bwana Nassoro, alimsomea mwekezaji orodha. Alipofika namba 40 akasoma jina langu. Kiwanja hicho, kilicho jirani na bomba la maji, nilijigawia kwa kufuata taratibu zote. Sifichi, niliogopa sana. Nilichukua fomu, nikaijaza, nikajisainia.

Nassoro akaupitia waraka wangu polepole. "Hapa pameandikwa Mkuu aliye hai."

"Nassoro, tumekunywa chai wote asubuhi."

"Mimi binafsi nakuona, mzee. Lakini mfumo."

Jovina, ambaye amepanga chumba Mfaranyaki na hana hata kipande cha ardhi cha kumfisha, akakaimishwa papo hapo. Muhuri ulikuwa umefika. Fomu ya kwanza aliyoisaini ilikuwa ya Bibi Kunegunda, kisha zikafuata nyingine kwa zamu ya kufika. Yangu ilikuwa ya mwisho, na saa tisa na nusu ofisi hufungwa, kwa mujibu wa tangazo nililolibandika mlangoni mwenyewe.

Nikaenda kukaa kwenye benchi. Bibi Kunegunda alikuwa akiikunja karatasi yake na kuifunga kwenye pindo la khanga. Akanipa mkono.

"Pole kwa msiba, mwanangu."

"Asante, bibi," nikasema. "Nimeshapoa."