Rangi Inayozaa Umeme

Masikio ya Ifeadi ndiyo yaliyoiona nyumba ile kwanza. Jenereta lilinguruma nyuma ya ghorofa la Maazi Okwudili, muuza samaki wa barafu mjini Nnewi, na ghorofa lenyewe lilikuwa saruji tupu. Dizeli nyingi, kuta nyingi! Ifeadi, mzaliwa wa Lagos aliyeijua Nnewi kwa likizo za Krismasi tu, alikaza tai akabisha hodi.

"Rangi ya sola, Mzee. Unapaka ukutani, jua linapiga, umeme unatoka. Paneli zimepitwa na wakati."

Akapaka kiraka, akachomeka nyaya, feni ikazunguka. Betri ilikuwa imejificha ndani ya kisanduku alichokiita "kirekebishaji". Sayansi nayo ina siri zake.

Maazi aliitazama feni, akatazama mbinguni, akaitazama feni tena.

"Inarudisha gharama baada ya muda gani?"

"Miezi saba. Baada ya hapo unakula bure."

"Na mvua ikinyesha?"

"Inakunywa, inanenepa."

"Sawa, injinia. Ila kiraka kinaendesha feni tu, na mimi nina majokofu manane. Paka nyumba nzima kwa gharama yako. Jumamosi ndugu zangu wote watakuwepo, na wana maghorofa kunizidi. Majokofu yakiwaka kwa ukuta, nakulipa mara mbili, na wao watakugombania."

Mate yalimjaa Ifeadi. Angechukua malipo ya awali ya hao ndugu, aseme rangi haijakauka, kisha apotelee Lagos.

"Rangi gani, Mzee?"

"Nyeupe, madirisha kahawia. Na geti usilisahau."

"Geti nalo litoe umeme?"

"Kwani jua halilipigi?"

Ifeadi aliuza pikipiki yake, mali pekee aliyokuwa nayo duniani, akanunua rangi ya kawaida kabisa. Siku nne alining'inia kwenye ngazi peke yake, mgongo ukimuuma kwelikweli. Kisanduku alikiacha ukutani kukoleza imani. Maskini, laiti angemuuliza muuza karanga yeyote wa mtaa ule kwa nini mtu apake nyumba mbiombio kabla ya Jumamosi!

Jumamosi alikuta maturubai, ng'ombe wawili, na getini picha ya mzee mmoja yenye ukubwa wa mlango. Baba yake Maazi alikuwa amelala mochwari miezi mitano akisubiri rangi, maana kwetu Nnewi mtoto wa kwanza hamziki baba kutoka nyumba iliyo uchi. Angesimangwa mpaka azikwe mwenyewe.

"Mzee, malipo yangu," Ifeadi alinong'ona.

"Washa majokofu kwanza. Ndugu zangu hawa hapa."

Ifeadi akatoa macho.

"Mwanangu," Maazi alisema kwa upole, "bohari langu la Asaba lina paneli mwaka wa tatu, na gharama zimesharudi. Siku ile ya kiraka wingu lilifunika jua, paneli zingelegea. Feni yako hata haikupunguza mwendo. Nikajua huyu kaletwa na baba."

Ifeadi alirudi nyuma, lakini mshereheshaji alikuwa tayari ameshika kipaza sauti, na waya wake uliingia moja kwa moja kwenye kile kisanduku.

"Wapendwa waombolezaji! Injinia Ifeadi amemuaga baba yetu kwa zawadi ya rangi ya nyumba nzima, pamoja na umeme huu unaoendesha kipaza sauti! Makofi!"

Wakampigia makofi. Kisha wakamkalisha meza ya mbele, wakampa wali na nyama ya mbuzi, naye akala, kwa kuwa nauli ya kurudi Lagos hakuwa nayo.