Ah Ma Lazima Apande Joka

Jumapili, 2 Juni

Tii! Mlio mfupi, mwembamba, kama wa kipimajoto kikishajua hali yako. Nimelala nao usiku kucha. Ni wa kigeti cha njia ya haraka, kule bustani ya michezo kisiwani. Jana mimi na Ah Ma, bibi yangu mzaa baba, tulisimama juani kwenye foleni ya Joka, lile gari la reli linalopanda mawinguni kisha linakupindua miguu juu. Pembeni yetu, njia ya waliolipa zaidi. Tii! Kigeti kinafunguka. Tii! Ikapita familia moja na aiskrimu mikononi. Aiskrimu ilikuwa haijaanza hata kuyeyuka! Mimi nilikuwa nimeyeyuka tangu asubuhi. Magoti ya Ah Ma yakagoma kabla hatujafika kivulini. Tukarudi nyumbani bila kupanda.

Na Joka linavunjwa. Jumapili ijayo ndiyo siku yake ya mwisho. Ah Ma ana miaka sabini na sita na haombi kitu kwa mtu. Hiki kimoja ameomba. Sababu anaijua kila mtu wa ghorofa yetu: Bi Goh, mwenzake wa kucheza majong, ule mchezo wa vigae wa Kichina, alipanda Joka mwaka jana na hajanyamaza tangu siku hiyo.

Leo chakula cha jioni kwa shangazi. Binamu yangu Jerlyn, muuguzi, akasema yeye atanunua pasi za haraka, Ah Ma apande, yaishe. Nikaweka vijiti vyangu vya kulia mezani. Nikasema foleni ndiyo mahali pa mwisho duniani ambapo mwenye gari na mwenye ndala wanasimama kisigino kwa kidole. Nikasema anayenunua nafasi ya mbele anauza ya mwenzake. Nikasema mengi. Shangazi akauliza kama, wakati naendelea, ningeweza kumsogezea samaki.

Jerlyn akasema, "Haya, mwanafalsafa. Ila subira yako haivuti heri, inavuta jua tu."

Nikaapa mbele ya ukoo mzima kwamba Ah Ma atapanda Joka kwa foleni ya haki, bila pasi, kabla halijavunjwa. Baba akakohoa. Ah Ma akala jicho la samaki.

Jumanne, 4 Juni

Nimechukua likizo ya wiki nzima. Kampuni ya bima itaishi bila mimi. Kazi yangu ni kuandika zile sentensi ndogo ambazo hakuna azisomaye.

Mpango wa kwanza: kufika kabla ya watu wote. Rahisi, safi, wa haki. Tukapanda treni ya alfajiri. Watu wote walikuwa wamekwisha fika. Ni likizo ya shule! Shule zote za nchi hii zimefungwa, na jambo hili halikunipitia kichwani, mimi mwenye shahada ya pili.

Mageti yalipofunguliwa watu wakatimua mbio. Nikamwambia Ah Ma twende, twende! Ah Ma hakimbii. Isitoshe, njiani aliona foleni nyingine, akaingia. Ndiyo tabia yake. Kwake yeye foleni ni ushahidi: watu wengi namna ile hawawezi kupangia foleni kitu kibaya. Unaingia kwanza, unauliza baadaye. Tukasimama muda mrefu. Mbele kabisa alikuwapo mtu aliyevaa vazi la kamba mkubwa wa baharini, akipigwa picha na watoto. Ah Ma akapigwa picha na kamba. Akafurahi sana.

Foleni ya Joka ilikuwa imeshafika kwenye vyoo.

Usiku Jerlyn akanipigia, ndiyo kwanza anatoka zamu. Akaniuliza kwa upole, jambo linaloniudhi kuliko matusi: wewe una likizo, mimi nina siku moja ya mapumziko kwa wiki, ukilipa kwa saa zako wewe ni mtu wa haki, nikilipa kwa mshahara wangu mimi ni dhalimu? Nikasema nitamjibu kesho. Bado natafuta jibu. Lipo, najua lipo.

Alhamisi, 6 Juni

Aibu. Niandike haraka, niimalize.

Tulifika mapema, hatukusimama kwa kamba wala pweza. Tukaingia foleni ya Joka mahali pazuri, tukafika kivulini! Saa sita Ah Ma akatangaza kwamba ana njaa, na kwamba mkate wa mfukoni mwangu si chakula. Wali wa kuku ulikuwa unauzwa hatua chache tu. Kutoka kwenye foleni ni kuipoteza. Nikafanya ambalo mtu yeyote wa hapa angelifanya. Nikatoa pakiti yangu ya tishu, nikaiweka juu ya chuma cha foleni, pale tuliposimama.

Nilivyolelewa, pakiti ya tishu juu ya meza ya mkahawa ni hati ya kumiliki. Unaiacha, unakwenda kununua supu, unarudi, meza yako inakungoja. Mchana watu mia wenye njaa wataizunguka na sinia zao, wala hakuna wa kuigusa. Nikamwonyesha anko aliyekuwa nyuma yangu. Akaitazama pakiti, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote.

Tukala kwa utulivu. Nikamfafanulia Ah Ma kwamba huu ndio uungwana wa kweli: nafasi inalindwa kwa kitu ambacho hata maskini anacho. Ah Ma akataka pilipili zaidi.

Tuliporudi, pakiti ilikuwa pale pale. Hakuna aliyeigusa! Foleni yote ilikuwa imeipita pembeni, kwa adabu, mtu baada ya mtu. Meza haitembei. Foleni hutembea. Nafasi yangu ilikuwa pale pale. Dunia ndiyo iliyoondoka.

Na haikuwa peke yake. Nyuma ya pakiti yangu kulikuwa na mwavuli. Nyuma ya mwavuli, kitambulisho cha kazi. Kisha chupa ya maji, kisha pakiti nyingine mbili za tishu. Watu wa nchi yangu walikuwa wameona pakiti, wakaelewa, wakajipanga nyuma yake, wakaenda kula. Foleni nzuri kabisa ya vitu, isiyo na mtu hata mmoja.

Mfanyakazi akaja na mfuko akaanza kuvikusanya. Mwenye mwavuli akatokea mbio na kijiko mkononi. Akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi bandarini, "Dada, wewe ndiye uliyeanzisha ujinga huu?" Nikasema nami nimefuata tu. Mungu anisamehe. Ah Ma akasema papo hapo, kwa fahari, "Ni yeye. Mjukuu wangu."

Jumamosi, 8 Juni

Jana sikutoka kitandani. Leo nilitoka. Ingekuwa heri nisingetoka.

Kesho ni mwisho. Nilianza kuogopa kwelikweli. Asubuhi nilimkuta Ah Ma dirishani akitazama kusini, kwenye kisiwa, na Joka halionekani kutoka kwetu hata ukipanda paa. Huyu ndiye aliyekesha nje ya lango la shule ya chekechea, kwenye kigoda cha plastiki, ili mimi nipate nafasi. Mvua ilinyesha. Hakuna aliyemuuzia pasi.

Kwa hiyo nikaazima kiti cha magurudumu kwa jirani.

Najua. Lakini nilijiambia magoti yake ni mabovu kweli, kwa hiyo si uongo, ni ukweli uliotiwa chumvi. Ah Ma alikataa, kisha nikamwambia anaweza kubeba vitafunio mapajani, akakubali. Njia ya wenye ulemavu ilikuwa fupi. Mfanyakazi wa pale alikuwa mpole mno. Akamwita Ah Ma "bibi". Akampa kipepeo cha karatasi cha kujipepea. Nikaanza kuona ngazi za Joka.

Ndipo, upande wa pili wa uzio, watu wakaanza kugawiwa juisi ya miwa ya bure.

Ikatokea foleni. Ah Ma aliiona kabla yangu. Akaruka kutoka kwenye kiti kama swala, akapenya uzio, akaenda zake. Huyo ambaye Jumanne alikuwa hakimbii! Nikabaki nimeshika kiti kitupu. Mfanyakazi akanitazama. Kichwa changu kilichosoma kikatafuta neno, kikapata moja tu. Nikasema, "Muujiza."

Nyuma yangu alikuwapo msichana kwenye kiti chake, cha kweli, cha kila siku. Hakukasirika. Angekasirika ningeshukuru. Akasema tu, "Dada, naomba unipishe, basi." Nikampisha. Nikakiviringisha kiti kitupu kurudi nyuma, nikiwapita watu wote waliosimama, wote wakinitazama.

Kwa siku sita nimehubiri kwamba waliolipa wanaiba nafasi za wengine. Wao angalau walimwibia mtu kama mimi.

Jerlyn ameandika kwenye kundi la ukoo: tumefikia wapi na foleni ya haki? Aliyejibu ni Ah Ma, kwa picha yake na juisi ya miwa.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka nikiwa nimeshindwa, na kushindwa kumenipa wepesi. Nitalipa! Ah Ma apande, mimi nife na maneno yangu. Nikavaa kofia pana na miwani ya jua, asinione mtu wa ukoo wala mtu wa tishu.

Foleni ya Joka ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Kila mtu alikuja kuaga. Nikamketisha Ah Ma kwenye benchi. Nikamwambia asiondoke, asiingie foleni yoyote, hata wakigawa dhahabu. Nikaenda kwenye dirisha la pasi za haraka.

Kwenye dirisha la pasi za haraka kulikuwa na foleni. Ndefu! Haisogei! Watu waliokuja kununua haki ya kutosimama walikuwa wamesimama wakitokwa jasho, wakigombana. Nyuma yangu anti mmoja alisema huu ni wizi, walipaswa kuweka dirisha la haraka kwa wanaotaka pasi za haraka, yeye angelipia. Nikamwona mjinga. Kisha nikajiuliza ingekuwa bei gani.

Radi ikapiga. Hapa radi ikikaribia, michezo yote ya nje husimamishwa. Mvua ikamwagika kama imeudhiwa. Watu wakatawanyika, mimi sikutoka. Nikanyeshewa hadi kwenye soksi, lakini nikafika dirishani. Pasi mbili. Za mwisho kabisa! Bei ilizidi ya tiketi zenyewe. Sitaiandika, mama husoma vitu vyangu.

Mvua ikakatika. Nikakimbia. Benchi tupu.

Nikamtafuta vyooni, nikamtafuta kwa yule kamba wa picha, hadi michezo ikaanza tena. Kisha nikasikia juu ya kichwa changu sauti ninayoijua kuliko yangu, ikipiga kelele kwa Kihokkien, Kichina cha ukoo wetu, maneno ambayo mimi nilipigwa kofi kwa kuyasema. Nikainua macho. Ah Ma alikuwa miguu juu, nywele nyeupe zimesimama, mdomo wazi. Pembeni yake mzee mmoja nisiyemjua, naye akipiga kelele.

Nikasimama chini na pasi mbili zilizolowa. Nikawapungia. Hawakuona.

Alishuka anatetemeka na kucheka. Ikawa hivi: nilipoondoka tu, aliiona ile foleni ndefu ya Joka, na akashindwa kukaa. Radi ilipopiga watu wakakimbia, yeye na mzee aliyekuwa mbele yake wakabaki chini ya mwavuli mmoja. Nusu ya foleni haikurudi. Mzee huyo ni Anko Bock Seng, fundi mstaafu wa sare za shule, mjane, anajua mahali penye supu nzuri ya samaki. Haya yote Ah Ma aliyapata kwenye foleni. Akaniuliza nilikuwa wapi muda wote ule. Nikasema chooni. Akanishika paji la uso, akasema nisile tena pilipili.

Kisha akaniambia niandike kwenye kundi kwamba amepanda kwa foleni ya haki, bila pasi, kama mjukuu wake alivyoahidi. Nikaandika. Shangazi akatuma alama za makofi. Jerlyn akaandika, "Hongera, mwanafalsafa. Kweli nimeinua mikono." Sijawahi kuonea aibu ushindi kama huu. Niliupokea.

Jumatano, 12 Juni

Bi Goh amenyamaza. Ah Ma alipanda Joka siku ya mwisho, baada ya radi. Kwenye meza ya majong hakuna kigae cha kuzidi hicho.

Lakini bustani imetangaza mchezo mpya wa Desemba: mnara unaokudondosha kutoka juu mpaka chini. Bi Goh ameshasema ataenda. Kwa hiyo Ah Ma naye ataenda.

Nimetafakari sana, kwa mpangilio. Kosa langu halikuwa kulipa, wala kutolipa. Kosa lilikuwa kuchelewa! Anayelipa watu wakiwa wamesimama anawapita watu. Anayelipa miezi sita kabla hampiti mtu, kwa maana hakuna mtu bado. Huyo haruki foleni, ameitangulia kuzaliwa. Kimaadili ni jambo jingine kabisa. Jerlyn hataelewa, kwa hiyo sitamweleza. Jana usiku nikanunua pasi mbili za daraja la juu, yangu na ya Ah Ma, za siku ya ufunguzi. Hazirudishwi.

Asubuhi, tukinywa kahawa, nikamgusia Ah Ma habari za Desemba. Akasema nisijisumbue kuchukua likizo. Ataenda na Anko Bock Seng. Watafika alfajiri na vigoda, chupa ya chai na mikate, wapange foleni ndefu kuliko zote, maana yule mzee ana hadithi nyingi na ile ya Joka ilikuwa fupi, hata hajafika kwenye ndoa yake.

Nikamsikiliza vizuri. Nikaosha vikombe. Kisha nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikamnunulia Anko Bock Seng pasi ya tatu.