Katambuga Zangu Zimekula Zabibu

Leo nimemkamata mwizi kwa Kiingereza, mbele ya darasa zima. Mwizi akawa mimi.

Msicheke kwanza. Niliishia darasa la nne, ukame ukanimalizia ng'ombe, sasa nafanya vibarua hapa Hombolo. Meneja wa shamba la zabibu anatafuta mtu wa kutembeza wageni, lazima ajue Kiingereza. Ndiyo maana miezi mitatu nabanana dawati moja na Ndahani (yule mnene wa mashine ya kusaga), tukifundishwa na Mwalimu Esta.

Leo meneja kaja kutusikiliza, na beseni la zabibu la kutupongeza. Likawekwa nje, nyuma ya darasa. Mwalimu alipokwenda kulichukua, akakuta vikonyo vitupu.

Hakukasirika. Akasema somo limejileta: hukuona tukio ila dalili zipo, sema "must have", kama haiwezekani, "can't have". Nani anaanza?

Nikanyoosha mkono. Nimefuata nyayo za ng'ombe walioibwa tangu utotoni, nitashindwa na za mla zabibu? Nikavaa katambuga zangu za tairi, nikainama mchangani.

"He must have come from the toilet," nikasema, yaani katokea chooni. "He can't have run." Hakukimbia, katembea kwa raha zake. Meneja anaandika tu. Kwenye kisigino cha unyayo nikaona alama ya tairi lililomeguka kama nusu mwezi. Nikatangaza kwamba mwenye soli hiyo ndiye mwizi, na avuliwe kiatu hapa hapa.

Mwalimu Esta alikuwa anaangalia mchanga nyuma yangu.

"Baba Meri, hebu inua mguu."

Nikainua. Watu wakashikana mabega kwa kicheko. Meneja akafunga daftari. (Nani hukagua soli yake mwenyewe?)

Sasa nisikilizeni. Viatu tunaviacha mlangoni, na anayekwenda chooni anavaa vyovyote vilivyo karibu. Mimi sikutoka hata mara moja. Aliyetoka ni Ndahani, akakaa huko muda wa kuchoma hindi likaiva. Na zile nyayo zimezama. Mimi mifupa mitupu, mchanga wala haunihisi. Halafu ndiye aliyecheka kuliko wote, ganda la zabibu limenasa kwenye jino.

Meneja anarudi Ijumaa kuchagua mtu. Nitakuwepo, nitanyoosha mkono tena. Ndahani, wewe ufike kabla yangu, umwambie ni miguu ya nani ilikuwa ndani ya zile katambuga. Kwa Kiingereza, Kiswahili au Kigogo, sichagui.