Rehani za Mwaka Mzima kwa Siku Tano

Jumatatu, 4 Novemba 1968

Nimekwisha. Tarishi kaleta barua saa nne, ina mhuri. Ofisi ya leseni inanijulisha kwamba mkaguzi, Bwana Shabani, atafika dukani kwangu Jumatatu ijayo. Atataka kuona daftari la rehani: jina la kila mteja, kitu alichoweka, tarehe, na sahihi yake au alama ya dole gumba, siku ya kuweka na siku ya kukomboa. Bila daftari, hakuna leseni ya mwaka ujao.

Daftari ninalo. Nililinunua Januari. Jalada jekundu, zuri sana. Ndani hamna hata nukta.

Yote nilikuwa nayo kichwani! Baiskeli ya kuli wa bandarini, saa ya mwalimu, redio mbili, majembe. Nani anaandika majembe? Laurinda, mke wangu, alinisihi tangu Januari niandike kila jioni mstari mmoja tu. Kaitazama barua, kanitazama mimi, kaenda kuchambua kisamvu. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 5 Novemba

Shauri limepatikana. Nitaandika mwaka mzima kwa siku tano. Nimefunga duka, nimebandika karatasi mlangoni: NAHESABU MALI. Kufikia adhuhuri niko Machi. Wateja nisiowakumbuka nimewabuni. Kumbe nina kipaji! Nimembuni mtu wa Nanyamba mwenye gramafoni tatu.

Laurinda kauliza mbona wino wa Januari na wa Machi ni mmoja, tena mbichi. Nikalianika daftari juani lipate uzee. Mbuzi wa jirani kala Februari yote.

Jumatano, 6 Novemba

Februari imeandikwa upya. Sasa madole! Kila mstari unadai dole. Nimeanza na langu la kulia, kisha la kushoto. Nimemwomba Laurinda lake. Kakataa kabisa. Kasema dole lake halijawahi kuweka kitu rehani na halitaanza leo.

Nikavua viatu. Dole gumba la mguu nalo si dole gumba? Kufikia jioni wateja wote wa Mei na Juni wametoka mguuni kwangu. Alama ni kubwa kidogo, lakini wakulima wana mikono mikubwa.

Ijumaa, 8 Novemba

Siku mbaya kuliko zote. Kaja Luisa.

Naandika yote, maana humu hanisomi mtu. Luisa ni mshonaji, kwao ni ng'ambo ya Ruvuma. Mwezi wa Julai mama yake alilazwa hospitali, akaniwekea cherehani yake. Tulikubaliana miezi sita. Agosti nikapata wazo la pweza mkavu: ninunue Msimbati kwa bei ya chini, niuze Masasi kwa bei ya juu. Sikuwa na mtaji. Nikamuuzia cherehani ile Mzee Mohsinali, mwenye duka la vitambaa Mikindani. Lori likaharibika njiani siku nne. Pweza akaota funza.

Leo Luisa kaja na pesa zote, zimefungwa pembeni ya kanga. Kaahidi watu sare za shule, na vitambaa vyao ameshavipokea. Nikamwambia cherehani iko kwa fundi, inatiwa mafuta. Akanishukuru! Akaniombea baraka kwa Mungu. Akazifunga tena pesa zake pembeni ya kanga.

Alipoondoka nikafanya nini? Nikafungua daftari, mstari wake wa Julai. Nikaandika: IMEKOMBOLEWA, 20 OKTOBA. Nikapiga dole. La mguu.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekwenda Mikindani kumwomba Mzee Mohsinali aniuzie ile cherehani. Kasema atauza, ila kwa bei mara mbili, maana fundi wake ameshaizoea. Nikamwambia hiyo ni dhuluma. Akanijibu kwa upole kwamba Agosti aliniuliza kama mali ni yangu, nami nikaapa.

Ni kweli, niliapa. Mara mbili.

Njiani baiskeli ikapata pancha. Nayo si yangu, ni ya yule kuli. Nimeisukuma mpaka Mtwara, jua la utosi.

Jumatatu, 11 Novemba

Mkaguzi kafika saa mbili kamili. Mtu mwembamba, hapandishi sauti. Kafungua daftari, kausifu mwandiko wangu. Moyo ukatulia. Kisha katoa mkobani kioo cha kukuzia. Kauliza kwa nini mtu wa Nanyamba na mtu wa Kitaya wana kovu moja doleni. Nikasema ni ndugu.

Hapo hapo kaingia Luisa! Kaja kuulizia habari za fundi. Bwana Shabani kamwuliza jina, kafunua mpaka Julai.

"Dada Luisa, hapa pameandikwa ulikomboa cherehani yako Oktoba. Dole hili ni lako?"

Luisa akainamia ukurasa.

"Mimi sipigi dole, Bwana. Masista walinifundisha. Naandika jina langu."

Akachukua kalamu, akaliandika pembeni ya ukurasa: Luisa Ernesto. Herufi nzuri kuliko zangu. Kisha akanigeukia.

"Kaka Gaspari, cherehani yangu iko wapi?"

Nikasema. Nilisema yote, mpaka funza.

"Na vitambaa vya watu nivishone na nini?"

Bwana Shabani akafunga daftari.

Leseni yangu imefutwa. Wenye mali waje wachukue mali zao. Nimepewa mpaka Alhamisi kurudisha cherehani, la sivyo polisi. Bwana Shabani kauliza mwisho kabisa lile dole kubwa ni la nani. Nikamwonyesha. Kaondoka amelishika daftari kwa ncha za vidole.

Alhamisi, 14 Novemba

Laurinda kauza kitanda chetu cha mninga, alichopewa na baba yake siku ya harusi. Kauza na mabati aliyoyakusanya miaka miwili kwa ajili ya paa la jiko. Kaenda Mikindani na Luisa kuikomboa cherehani. Mimi sikuchukuliwa.

Wamerudi alasiri, wameibeba wawili. Luisa hakunisalimu. Alimshika Laurinda mikono yote miwili, wakasimama hivyo mlangoni. Niliingia duka tupu nikalia. Hakuna aliyekuja kunibembeleza, na nilikaa humo muda wa kutosha.

Jumapili, 17 Novemba

Siku ya nne tunalala mkekani. Mgongo umekufa. Laurinda anaongea na kuku, nami nasikiliza.

Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona. Nilichagua biashara yenye vitu! Vitu vinaulizwa viko wapi. Ushauri hauulizwi. Na mji mzima huu, nani anaijua ofisi ya leseni kama mimi? Nimeandika ubao: GASPARI, MSHAURI WA LESENI NA MADAFTARI.

Baada ya misa kaja mteja wa kwanza! Mwanakombo, muuza vitumbua, anataka leseni ya mgahawa. Kauliza kama aanze sasa kuandika mauzo ya kila siku. Nikamwambia asijisumbue. Mambo hayo huandikwa wiki ya mwisho, barua ikishafika. Kaondoka amefarijika sana.

Kanilipa vitumbua vinne. Laurinda hakugusa hata kimoja. Nimevila vyote, na sijaviandika popote.