Ombi la Kuiita Ardhi Mbele ya Kamati ya Nidhamu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Uchorongaji wa Visima vya Mafuta (na Shemeji, tukiwa nyumbani),

Kwa heshima na taadhima, mimi mtaalamu wako wa miamba naleta mashtaka. Simshtaki mtu. Naishtaki ardhi, kwa kukaidi amri uliyoitoa mezani Jumapili, kwamba mafuta yawe pale penye tambarare, kando ya barabara, mahali ambapo hema la wageni wanaokuja kuona kisima linakaa vizuri. Dada alituambia tunyamaze tule. Nilikula. Sasa naandika.

1. Zamani hizo, hata mababu wa mababu zetu hawajazaliwa, mto ulimwaga mchanga kwenye bahari ya kina kifupi, ukajijengea delta. Haukuomba kibali. Nimetafuta muhuri, sijauona.

2. Mto ulipokuwa unamwaga, ardhi ya upande wa mashariki ilikuwa inadidimia polepole. Ikishuka, mchanga unajaa. Ikishuka tena, unajaa tena. Ndiyo maana huko mwamba wa mchanga ni mnene, una vitundu tele vya kuhifadhi mafuta. Upande wetu wa magharibi, penye tambarare yako, haukushuka, ukaambulia utando mwembamba wa mchanga na tope. Huu ni upendeleo wa wazi, jambo ambalo ofisi hii, inayoongozwa na shemeji yangu, haiwezi kulivumilia hata kidogo.

3. Haikutosha. Baadaye ardhi ikasukumwa, ikapasuka. Ufa ukapita katikati, umejaa tope lililokandamizwa, hata tone la mafuta halivuki kuja kwetu. Nilikuchorea ufa huo kwa kalamu nyekundu, wima kama ukuta. Ukasema nyekundu inakuumiza macho.

Kwa hiyo naomba ardhi ipewe onyo kali, na mashariki ihamishiwe magharibi kabla wageni hawajafika. Ikigoma, ikatwe mshahara.

Lakini Shemeji, acha nikwambie bila utani. Mtambo unaunguruma hapo nje hadi kikombe cha chai kinacheza mezani, na shimo linalotobolewa hapo ndilo letu la mwisho. Likitoka kavu, mtambo unang'olewa, na wale wachorongaji wanaokuita Bosi kwa moyo mweupe watarudi kwa watoto wao mikono mitupu. Jamani, inaniuma! Simamisha mtambo leo, uuhamishie mashariki. Usiposimamisha, hesabu barua hii kuwa ya kujiuzulu kwangu.

Nisalimie Dada, wapwa wangu wote, mpishi wa kambi ukipita kwake, na Mama, ambaye wewe anakuita mwanangu na mimi ananiita yule mbishi.

Wako kikazi na kifamilia,
Mtaalamu wa Miamba

Nyongeza: Msimamizi wa mtambo ameingia sasa hivi na buti zake za tope, akaweka sampuli juu ya barua hii. Doa unaloliona ni mafuta. Kumbe ufa haukusimama wima, umelala! Ardhi iliposukumwa, upande wetu ulipanda juu ya ule wa mashariki ukaufunika, kwa hiyo tumetoboa utando wetu, tukavuka ufa, tukaukuta mchanga mnene chini kabisa ya hema lako la wageni. Wachorongaji wanaimba huko nje, na mimi machozi yananitoka. Mashtaka nayafuta. Lile la kujiuzulu lihesabiwe halikuandikwa. Jumapili nakuja kula kama kawaida. Nakusihi, Shemeji, mbele ya Mama usiseme neno.