Lori la Jeshi na Tope la Igunga

Jumamosi, 16 Juni 1973

Nimepata! Mnada wa stesheni, mizigo isiyo na wenyewe. Nilinyoosha mkono nikiamini boksi lile ni redio: lilikuwa na uzito wa redio, na ukilitikisa lilitoa sauti ya redio iliyovunjika. Nimelifungua chumbani, komeo nimetia. Si redio. Ni lori la jeshi! La plastiki, dogo, vipande vipande, vyote vimeshikana kwenye vijiti vyake vikingoja mtu wa kuvikata na kuviunga. Kwenye mfuniko limechorwa likipanda mlima, mabomu yanapasuka kulia na kushoto, na dereva hana habari. Nimempenda dereva huyo.

Boksi ni la zamani. Gundi imekauka ndani ya tyubu. Karatasi ya maelekezo imeliwa na mchwa, imebaki picha ya mwisho tu, lori likiwa tayari. Inatosha. Mtu akijua anakokwenda, njia ataiuliza.

Shangazi Khole, ambaye nakaa kwake tangu duka la marehemu baba lifungwe, kagonga mlango kuuliza kama redio inasema. Nimemjibu bado inapata moto.

Jumatatu, 18 Juni

Mungu hamtupi mja wake. Gari la Chama limepita na kipaza sauti: Saba Saba kutakuwa na maonyesho ya kazi za mikono. Siasa ni kujitegemea, kwa hiyo vitu vya dukani haviruhusiwi, na vya ng'ambo ndiyo kabisa. Mshindi atatajwa mbele ya watu wote.

Kutajwa ni ziada. Mimi namtaka Thuraya. Posa yangu imekaa kwao tangu mwezi wa Mfunguo Tatu, na baba yake, Mzee Nassibu, hajasema ndiyo wala hapana. Jana baada ya alasiri kaniambia wazi pale nje ya msikiti. Zamani kijana wa kwetu alitazamwa ana duka gani. Sasa maduka yamekwisha, kwa hiyo yeye anatazama mikono. Humaidi, fundi mabati wa Isevya, naye kapeleka posa. Mzee atakwenda Saba Saba, ataangalia kazi ya kila mmoja wetu, na Ijumaa itakayofuata atatoa jibu.

Nimepeleleza Humaidi anatengeneza nini. Lori! La kubebea pamba, la bati la makopo ya mafuta ya kula. Basi langu ni la jeshi. La jeshi likipita, la pamba hukaa pembeni.

Kwamba langu limetoka ng'ambo? Vilivyotoka ng'ambo ni vipande. Lori lenyewe halijazaliwa. Litazaliwa Tabora, na mkunga ni mimi.

Alhamisi, 21 Juni

Kuunga. Raha tupu! Wembe, msasa, na kibano ambacho Shangazi hutolea miiba. Chasi, springi, ekseli, kila kitu kina mahali pake, ni kutafuta tu. Gundi sina, nikajaribu ulimbo wa kunasia ndege. Kabini ilikataa kushika kwenye chasi ikashika kwenye kidole gumba. Nikaifuta kwa petroli. Kosa! Petroli imeilainisha plastiki, na paa la kabini likabonyea mbele ya macho yangu. Nimekaa kitandani nikalia kidogo.

Kisha nikatazama vizuri. Kila palipogusa petroli, vipande vimeshikana kuliko ndugu. Nimekatakata vile vijiti vilivyobaki, nikavitia kwenye kichupa cha dawa ya macho pamoja na petroli, vikawa uji mzito. Uji huo unaunga kila kitu. Ugunduzi mkubwa, na nimeufanya peke yangu! Paa lililobonyea nimeamua lilipigwa na bomu.

Gurudumu moja halikuwamo. Nimelichonga kwa kisigino cha kandambili ya Shangazi. Limetoka zuri kuliko yale mengine.

La kukumbuka: chini ya chasi kuna maandishi ya Kiingereza yamevimba, jina la waliolitengeneza na nchi yao. Kuyakwangua kwa wembe kabla ya Saba Saba. Hakuna haraka.

Jumanne, 26 Juni

Rangi ni ya kijani, ile iliyobaki walipopaka milango ya msikiti. Ilipokauka, lori lilionekana linakwenda Maulidi. Nimeongeza masizi ya sufuria. Sasa ni kijani cha jeshi barabara.

Lakini ni jipya mno, na upya ni hatari. Kitu kipya watu huuliza umekinunua wapi. Kikuukuu hakiulizwi. Hapo ndipo nilipowaka! Nimekaa stendi tangu asubuhi kutazama malori. Miaka yote nimeishi mji huu na kumbe sijapata kuona lori. Linalotoka Igunga lina tope jeusi la mbuga kwenye mabawa yanayofunika magurudumu, limegandia hapo tangu masika, na juu ya tope kuna vumbi jekundu la njiani. Mlangoni, pale dereva anapoegemeza kiwiko, rangi imelika mpaka bati. Kutu nayo haianzi popote tu. Huanza kwenye skrubu, kisha hushuka kama chozi. Nilikuwa nainama chini ya mabawa nikichokoa kwa kucha, mpaka Masele, dereva wa basi la Igunga, akaniuliza nimetumwa na polisi wa usalama barabarani au nimepotelewa na kitu.

Nimemwomba aniletee udongo wa kwao. Kauliza kama ni wa dawa. Nimesema ndiyo. Kaniangalia kwa huruma akaahidi kuuleta.

Ijumaa, 29 Juni

Masele ni mtu wa ahadi. Udongo umefika ndani ya kopo la maziwa. Nimeuchekecha kwa kipande cha shela, nikaukoroga, nikaupaka chini ya mabawa na kuuacha upasuke wenyewe. Kutu nimekwangua kwenye msumari, nikachanganya na chai ya rangi, nikaishusha kwa ncha ya unyoya wa kuku. Kwenye mlango nimesugua mahali pa kiwiko. Mwisho vumbi, nikalipuliza kwa mrija wa bua. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili. Lori lilikuwa limetoka Igunga sasa hivi. Nilibaki nangoja dereva ashuke aagize chai.

Nikaliweka dirishani likauke, nikaenda Ijumaa. Niliporudi Shangazi Khole alikuwa amelikosha. Kwa sabuni na dodoki. Kasema kitu cha kwenda kuangaliwa na mzee wa watu hakiendi na uchafu, watu wataulizana nimelelewa na nani. Alisimama pale akingoja shukrani, mikono bado ina povu.

Nimemshukuru. Kisha nimekwenda nyuma ya banda la kuku nikauma mkono wa shati.

Jumatano, 4 Julai

Nimerudia yote, na yametoka mazuri zaidi! Tope sasa lina alama za matone, maana nimelirashia maji kwa mswaki. Shida ni vumbi. Ukilipuliza linaondoka, ukilipaka kwa maji linakuwa tope. Nilikuwa nakata tamaa huku nakula mkate, na jibu likanidondokea kwenye kanzu. Asali! Wenzetu wana gundi, sisi Tabora tuna asali ya miombo. Nimeipaka nyembamba kabisa, nikapuliza vumbi juu yake, na vumbi limekaa. Karibu na injini nimeiacha iwe nzito kidogo, inafanana na mafuta yaliyovuja. Walioliunda boksi lile ng'ambo hawana ujuzi huu, masikini.

Sisimizi wamekuja kutazama. Nimewafukuza. Wivu hauna umbo.

Jumamosi, 7 Julai

Lazima niandike yote leo leo.

Uwanja ulijaa. Chipukizi na ngoma zao, halaiki, hotuba. Meza ya kazi za mikono ilikuwa karibu na wauza mahindi ya kuchoma. Humaidi kaja na lori lake la bati: milango inafunguka, na ukizungusha usukani magurudumu ya mbele yanafuata. Ni zuri, nakiri humu tu. Lakini safi mno! Watu walilitazama wakapita. Kwenye langu walisimama. Ndugu Kornel, afisa utamaduni na mwamuzi wa maonyesho, mzaliwa wa Ziba, upande wa Igunga, kainama mpaka pua ikakaribia bawa. Kasema tope lile analijua, ni la kwao, aliwahi kukwama ndani yake kutwa nzima na marehemu baba yake. Sauti yake ilibadilika. Mzee Nassibu alikuwa bega kwa bega naye, miwani ameshavaa.

Kisha Ndugu Kornel kasema tuligeuze tuone chini lilivyoungwa.

Chini! Maandishi! Sikuyakwangua!

Kornel kanyoosha mkono, na hapo hapo nyuki akatua kwenye boneti. Akaja mwenzake. Halafu wakaja wote, kijiji kizima, wamehamia kwa pamoja bila kushurutishwa na mtu. Kornel karudisha mkono. Mwamuzi wa pili karudi kinyumenyume mpaka kwenye mihogo ya maonyesho, na ngoma ya Chipukizi ikavurugika. Nilitamani kumbusu kila nyuki kwa jina lake. Kornel katangaza akiwa upande wa pili wa uwanja kwamba mshindi ni Ndugu Ghalibu. Kaongeza kwamba ujuzi huu usibaki mjini: mwezi huu huu nitakwenda Ziba kuwafundisha vijana wa kijiji cha ujamaa kuunda malori kama lile kwa vitu vya kwao wenyewe. Makofi. Nikasema niko tayari tangu zamani.

Aliyeliondoa lori mezani ni Thuraya. Kachukua kijinga cha moto kwa muuza mahindi, kafukiza moshi taratibu bila kukunja uso, nyuki walipopungua kalifunika kwa kanga akaenda nalo. Mwanamke gani huyu!

Jumapili, 8 Julai

Thuraya kaja kwa Shangazi kurudisha bakuli. Lori lilikuwa ndani ya bakuli.

Yeye ni mwalimu wa darasa la saba, Kiingereza si kitu kwake. Kayasoma yote yaliyoandikwa chini. Shangazi Khole kakaa katikati yetu na ungo wa mchele, akawa hasikii kwa adabu. Thuraya hakupaza sauti. Kasema, "Kaka Ghalibu, njia ya mwongo ni fupi." Ukoo wetu ulitembea kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji. Njia fupi hatujazizoea.

Halafu kasema jambo ambalo sikulitegemea. Plastiki imetoka ng'ambo, kasema, lakini tope lile, na kutu ile, na mahali pa kiwiko cha dereva, havikutoka kwenye boksi la mtu. Jana alilitazama mpaka mama yake akamuuliza ana nini. Kasema mtu anayeliona hivyo lori la watu, labda na mkewe atamwona. Moyo wangu! Nimeangusha kikombe.

Shauri lake ni hili. Baba yake hatafuti fundi, anatafuta mtu asiyemdanganya. Humaidi ni mtu mwema, na mzee akimchagua Humaidi yeye hatambishia. Lakini nikienda mwenyewe kabla ya Ijumaa, nikaeleza boksi, petroli na asali, yaliyobaki kwa baba yake atayamaliza yeye. Na kwa Ndugu Kornel vilevile: niwafundishe vijana wa Ziba kutazama na kupaka, kwa lori lolote, hata la bati.

Nimeapa mbele ya mchele wa Shangazi. Ukweli! Rahisi namna hii! Sijui kwa nini hakuna aliyenishauri mapema.

Alhamisi, 12 Julai

Nimetoka kwa Mzee Nassibu sasa hivi. Mambo yamekwenda vizuri ajabu!

Nilikwenda na kanzu ya pasi, lori mkononi, maandishi juu, kila neno la ukweli nimelikariri njiani. Shikamoo. Marahaba. Kahawa. Nikasema, mzee, nimekuja kukueleza habari ya lori hili. Kaniwekea mkono begani kabla sijaendelea. Kasema tangu Saba Saba anatembea kichwa juu, maana alidhani vijana wa kwetu wamebaki na soga za baraza tu. Kasema mkono ulioliunda lile hauna kitakachoushinda. Macho yake yalikuwa na machozi. Kisha kauliza, kwa haya kama mtoto, kama mkono huo unaweza kuunda na saa ya ukutani.

Mtu atafanyaje? Kumvunja moyo mzee anayelia? Nimemwambia nimeshaiunda, iko nyumbani, inakauka.

Kafurahi mpaka kasimama. Kasema niilete kesho baada ya swala, aitundike, na chini ya saa hiyo atanipa jibu la posa. Nyuma ya pazia nilimsikia Thuraya akiweka sinia chini, kisha akitoka kwa mlango wa uani. Bila shaka kakimbilia kuwaambia mashoga zake.

Ukweli uko pale pale, hauozi. Nitausema kesho saa ikishatundikwa, utapokelewa vizuri zaidi. Na Ziba nitawapelekea saa, malori yamepitwa. Ninachohitaji ni mbao, kioo, mishale, na kile kitu cha ndani kinachozunguka. Jua halijafika utosini, mchana wote ni wangu!